Mistari ku Ua ya Tata Badibanga

Banc yetu, kiti murefu ya mbao, iko mu mutaa ya Manika, kando ya thermos ya Mama Hawa, mwenye anauzisha kahawa, na tangu mugodi ilisimama tunakunywa kahawa kidogo, tunasema mingi. Ni mwaka 1993. Kila asubui famille moja, baba, mama na batoto, inapita kwenda ku gare ya treni na godoro ku kichwa, juu babu yao alitokaka Kasaï, na banaambiwa barudi kwao. Nyuma yao, mwenye anataka nyumba yao anaandika jina yake ku mulango yao na chaki. Mi sipendi kusema juu ya ile. Siku ile tulisema juu ya maua. Tata Badibanga, mwenye alizaliwa hapa hapa, alikuja na ua moja mu mukono: manjano, na mistari nyekundu. Bibi yake, muke wake marehemu, njo aliipanda.

Badibanga: — Treni yangu ni kesho. Mbegu nimeshakamata. Ila ikiota kule, itatoa hii mistari ao hapana? Kaburi ya bibi yangu inabaki. Nataka ata hii inifuate.

Mukuna, mwenzetu wa ku banc, alichimba shaba mu mugodi miaka makumi mbili, njo tunamuita Cuivre, ni kusema shaba.

Cuivre: — Haiwezekane, tata. Rangi ni cuivre ya mu udongo. Mi mwenyewe nilizikaka waya ya cuivre chini ya muti yako ya maua, njo mistari ilikuja.

Badibanga: — Kumbe ni weye ulichimba parcelle yangu, kiwanja ya nyumba yangu. Bibi alisemaka ni panya.

Cuivre: — Nilikuwa nasaidia.

Mi: — Kule Kasaï kuko diamant, zile almasi. Ua itatoka inametameta, batu batakata petali bauzishe.

Hawa: — Weye, kunywa.

Cuivre: — Na courant je, umeme yenye inatoka ku maji ya Nzilo? Siku courant inakata, mistari inapunguka. Nilihesabu.

Mwalimu Mianda, mwanamuke mwenye anafundisha biologie, alicheka mupaka kahawa ikamwangika.

Mianda: — Sikilizeni. Mu mbegu muko amri, zinaitwa gènes. Moja inasema: petali, kuwa nyekundu. Sasa kuko kipande kingine kinarukaka-ruka. Kikikaa mu ile amri, nyekundu inanyamaza, petali inabaki manjano. Petali ikiwa inakua, kipande kinatoka upande huu, kinabaki upande ule. Pale kilitoka, unaona mustari nyekundu.

Cuivre: — Kama mi ku kazi. Chef akikaa, nanyamaza.

Badibanga: — Na udongo?

Mianda: — Udongo inalisha tu. Kila ua itakuwa na mistari yake, haitafanana na hii sawasawa. Ila itatoka, tata. Ata kule.

Tata Badibanga alifunga mbegu mu kitambaa, akacheka. Juma nzima hakukuwa amecheka, na sisi wote tulifurahi naye.

Njo Mama Fidélie, mwenye anauzishaka mboga, alipita na bassin yake ya sombe, majani ya muhogo. Hakukaaka ku banc yetu ata siku moja. Aliomba kahawa, akaangalia ua.

— Na ile muti yenyewe, yenye inabaki mu parcelle, nani ataimwangia maji?

Cuivre aliangalia mu kikombe. Mianda aliangalia barabara. Mama Hawa aliinamisha thermos, hakukutoka kitu. Tata Badibanga alituangalia mumoja mumoja, akaanza na mi.

Chaki ilikuwa ingali mu mufuko yangu, na jina yangu ilikuwa ku mulango yake tangu asubui.