Optatus Bonifas Anastaafu, Mzee Maduhu Hajazikwa

Tangu tarehe 14 Oktoba mwaka jana limepotea sanduku lenye vipande 163 vya mifupa na meno tisa ya marehemu Maduhu wa kijiji cha Ulaya. Lilipotelea kwenye ofisi iliyochunguza moto wa nyumba yake. Naanza na hilo kwa sababu Optatus Bonifas, anayestaafu Ijumaa tarehe 26 Juni baada ya miaka 33 mochwari hapa Kilosa, amekataa sifa zake zitangulie.

Sifa zenyewe hazikwepeki. Alianza kama mfagizi. Hajawahi kukabidhi mwili kwa ndugu wasio wake. Humwamkia shikamoo kila marehemu mzee, kisha hutega sikio, kama anasubiri kuitikiwa. Siku moja nesi Letisia, mdogo wake kwa miaka kumi na tisa, aliitikia "marahaba" nyuma ya pazia. Optatus alimdai shikamoo wiki mbili.

Sasa Ulaya. Moto ulipozima, majirani kwa nia njema walimwaga ndoo arobaini za maji kwenye majivu yenye moto, na mifupa iliyoungua ikimwagiwa maji hupasuka. Wachunguzi walikaa dakika ishirini, wakachokoa kwa fimbo, wakaandika: mwili umeteketea wote.

Wote kivipi? Tanuri la kuchomea maiti hupita nyuzi 800, saa nzima na zaidi, na bado mifupa hubaki. Paa la nyasi huisha nusu saa.

Optatus alichukua likizo yake, akaenda kwa baiskeli. Aligawa sakafu kwa kamba, mraba wa mita moja moja, akaanzia kilipokuwa kitanda, akachekecha majivu kwa chekeche la unga la mjane, Jenipher. Siku mbili. Jino la kwanza lilipotokea alivua kofia: "Shikamoo mzee." Kisha akamwambia mjane, "Mama, mzee hajaenda popote. Yupo hapa."

Sanduku la mifupa hiyo nililigonga mwenyewe, mimi fundi wa karakana ya hospitali. Alilipeleka kwenye ofisi ile, akasainiwa kwamba limepokelewa. Ripoti haijabadilika hata neno. Bila mwili hakuna cheti cha kifo. Jenipher ameambiwa asubiri miaka mitano, kama mke wa mtu aliyepotea. Ana miaka 68. Mnadani wanasema Maduhu alichoma nyumba akatoroka, yuko Ruaha anakata miwa. "Mama, mke mwenzio hajambo?" wanamuuliza, na wanacheka.

Kaka Optatus, asante kwa miaka 33. Nenda Chanzuru ukalime, ulale usingizi mzito, wajukuu wakuchoshe.

Na nyinyi wa ofisi ile, nakala hii inawafikia Jumatatu. Sanduku liko wapi, na ripoti mnairekebisha au hamuirekebishi? Tunataka jibu la maandishi, lenye saini, kabla ya saa sita mchana Ijumaa, mtu aliyevihesabu vipande vile akiwa bado mtumishi.