Salamu kwa Mwalimu wa Ushonaji

Asubuhi moja ndani ya basi, mama mmoja mwenye kapu aliona nembo ya shule kwenye begi la bwana aliyeketi kando yake, akamuuliza anafundisha somo gani pale sekondari. "Hesabu," alijibu bwana, bila hata kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa nyuma yao, naitazama tepu ya kupimia nguo inayochungulia kwenye mfuko wake wa upande wa dirisha. Nikajisemea, kumbe hesabu za siku hizi zina kiuno na mabega.

"Basi mwalimu wa ushonaji utakuwa unamjua! Mwanangu wa kiume kachagua somo lake la hiari, na nyumbani hakukaliki. Baba yake anasema cherehani ni aibu kwa mwanamume."

"Namjua kidogo," alisema bwana, akiisukuma tepu ndani kwa kidole.

"Ni mtu wa namna gani?"

"Wa kawaida tu, mama. Mwoga mwoga."

"Mwoga?" Mama alicheka. "Labda unamchanganya na mwingine. Juzi baba mtu kafoka, mwanangu kamjibu, 'Mbona mwalimu wetu ni mwanamume na haoni haya?' Baba mtu kimya! Nifikishie salamu, mwambie ananisaidia kulea."

Nilimsubiri bwana aseme kuwa ndiye yeye. Akashika begi lake.

Basi likasimama. "Zitafika," alisema, akashuka mbiombio, na shule ilikuwa bado vituo viwili mbele.