Aliyenywea Kahawa Kwenye Swichi

Bwana Loren Schatz, Mwenyekiti wa bodi ya ushirika wetu wa nafaka. Mchungaji Beth Lindgaard. Ndugu Tate Vollmer, mkuu wa kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea, uliyetoa magari yako nje kwenye baridi ili sisi tupate pa kukaa. Wanachama wenzangu wa Nordby na mashamba yote ya jirani. Kina mama wa kanisa mliopika viazi na nyama vya kutosha kulisha wilaya mbili. Na wewe, Orlyn Fossum, mgeni wetu wa heshima, ambaye tangu nisimame hapa hujaacha kuutazama mlango: nawasalimu nyote.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Marlys Brekke. Nalima mahindi na ngano upande wa mashariki wa mto pamoja na binti yangu Kari. Bodi imeniomba niseme maneno machache ya kumuaga meneja wa ghala letu, na Loren alinisihi yawe maneno matamu. Nilimwambia matamu yatatoka kwenye meza ya keki, mimi nitaleta ya kweli.

Ukweli wa kwanza ni kwamba huyu bwana hakupendwa. Msiinamishe vichwa, mnajua nasema nini. Ni nani humu ndani hajawahi kumwita Pua? Lori linapanda kwenye mizani, yeye anapanda ngazi na bambo lake mkononi, analichoma mpaka katikati ya mzigo, anatoa mahindi kiganjani, ananusa. Ananusa tena. Sisi tuko chini tumeshika usukani na kuomba Mungu. Kisha ile sauti yake isiyopanda wala kushuka: "Haya yarudi nyumbani, rafiki. Yameanza kuchacha." Na nyuma yako foleni nzima imesikia.

Vernon, wewe ulimjibu siku moja kwamba hata yeye ameanza kuchacha na hakuna aliyemrudisha nyumbani. Akakuambia, "Basi nusa vizuri kabla hujaninunua." Foleni ilicheka, lakini lori lako lilirudi. Leo unga unaotoka kwenye mahindi yetu unaliwa na watoto ambao hatutawaona maishani, na hakuna hata mmoja aliyepewa sumu ya ukungu kwa sababu Orlyn Fossum aliona haya kumkatalia jirani yake. Hilo peke yake lingetosha kumpigia mtu makofi na kumpa saa ya ukutani.

Lakini mimi nimesimama kwa jambo jingine. Naomba mnivumilie, na Orlyn, naomba unisamehe, maana ningekuomba ruhusa ungeninyima.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka ule theluji ilipotuwahi na mahindi bado yako shambani. Tulivuna yakiwa mabichi, mashine za kukaushia zilikuwa zinaunguruma usiku na mchana katika kila ua, na kila mtu alikuwa amechoka kupita kiasi. Marehemu mume wangu, Curtis, aliyajaza kwenye ghala letu la bati mpaka juu. Aliwasha feni za kuyapoza kwa muda, kisha akazizima kabla mahindi ya katikati hayajapoa. Mwezi wa pili alipakia lori la kwanza akalileta hapa, na Orlyn akalirudisha.

Mnajua kilichofuata. Curtis alirudi nyumbani, akawasha parafujo ya sakafuni, ile inayozunguka na kuvuta mahindi nje ya ghala, ili apakie mzigo mwingine wa kujaribu. Mahindi yakatoka kidogo, yakakata. Juu yalikuwa yameshikana kwa ukungu na barafu, yakafanya ukoko mgumu, na chini ya ule ukoko parafujo ilikuwa imeshavuta mahindi na kuacha uwazi. Akapanda na fimbo ya chuma, akaingia, akasimama juu ya ukoko ili auvunje, na parafujo bado inazunguka. Ukavunjika, mahindi yakamfunika. Tate na vijana wake walikata bati pande zote wakiwa wanalia, wakamkuta, lakini alikuwa ameshakwenda.

Wakati wa msiba nilisikia maneno. Mengine yalisemwa jikoni kwangu na watu walionitakia mema. "Orlyn angelipokea tu lile lori, Curtis angekuwa hai." Yeye naye aliyasikia, kwa sababu huu mji ni mdogo na kuta zake ni nyembamba. Aliendelea kunusa mahindi.

Halafu ikaanza ile tabia yake ambayo imewapa watu utani wa miaka mingi. Kila Orlyn alipomrudisha mtu, alivaa kofia, akaliacha ghala kwa msaidizi wake, akalifuata lile lori kwa gari lake mpaka nyumbani kwa mwenyewe. Mkasema anafuata kahawa ya bure. Mkasema akikukatalia mahindi, weka birika jikoni. Mkasema ni bahili, ni mpweke, ni mpelelezi wa bodi. Nami nilicheka pamoja nanyi, mpaka siku aliporudisha lori la Kari.

Nilitoka nje nikamkuta uani, amesimama ukutani kwenye swichi kubwa ya umeme wa ghala, ile inayowasha parafujo. Ameishusha, ameitia kufuli jekundu, ufunguo ameutia mfukoni.

Nikamuuliza, "Orlyn, umefuata nini huku?"

"Kahawa."

"Kahawa iko ndani. Mbona umesimama kwenye swichi?"

"Mimi huinywea hapa."

Nikamletea. Kari akapanda ngazi, akachungulia kwa mlango wa juu bila kuingia, akiwa amefungwa kamba, akauchokoa ule ukoko kwa mti mrefu kutoka nje. Ilichukua mchana mzima. Orlyn hakuondoka pale ukutani. Kahawa yake iliganda kikombeni. Jua lilipokuwa linazama akaniambia, akiwa anaitazama ardhi: "Siku ile nililiangalia lori la Curtis mpaka likakata kona. Gari langu lilikuwa limeegeshwa pale pale, Marlys. Sikumfuata."

Hayo ndiyo aliyoyabeba. Kesho anapakia vitu vyake kwenda Arizona kwa binti yake, na mimi sitaki ayapakie na haya.

Orlyn, nisikilize. Siku ile uani nilikwambia alichokisema Curtis mezani, ukanijibu kwamba nakufariji tu. Sasa nasema tena mbele ya Mchungaji Beth, na mimi si mtu wa kusema uongo mbele ya mchungaji. Curtis aliingia jikoni, akala nusu ya mkate wake, akasema: "Orlyn amesema kweli. Yananuka. Mimi mwenyewe ndiye niliyezima feni mapema." Hakuwa na hasira nawe. Alikuwa na aibu kidogo, akaimaliza chai yake.

Nikamwambia, "Mpigie Tate aje akushikie swichi."

Akasema, "Tate naye ana kazi zake. Nimsumbue mtu wa watu kwa shughuli ndogo kama hii?"

"Basi niite mimi."

"Wewe una nguo za kukunja," akasema, akavaa kofia.

Tate, ningekupigia simu mchana ule, ungekuja? Naona unaitikia kwa kichwa. Najua ungekuja. Ungekuja na viatu vya ndani.

Ndugu zangu, mahindi mabovu yalimshika Curtis, lakini kilichompeleka mle ndani peke yake ni adabu yetu. Sisi ni watu wa namna gani? Mwaka ule ule alipokufa, msimu wa mavuno, mashine zenu zilijipanga kutoka barabarani mpaka kwenye miti yangu. Mliacha mashamba yenu yakisubiri, mkavuna langu lote kwa siku moja, na wake zenu wakaleta chakula ambacho hatukukimaliza mpaka Krismasi. Mlikuja bila kuitwa. Nilisimama barazani nikalia kwa shukrani, na nikalia pia kwa uchungu, kwa sababu watu wote wale walikuwepo mwezi wa pili, na mume wangu aliona haya kumwita hata mmoja asimame ukutani. Tunajua kumsaidia mtu akishakufa. Akiwa hai, hataki kusumbua, na sisi tunamheshimu kwa kutomsumbua.

Mtu mmoja tu katika mji huu aliliona hilo akalifanyia kazi. Hakuhubiri, hakuitisha mkutano, hakumwambia mtu kwamba anamlinda, maana angemwambia, yule mtu angesema, "Aa, usijisumbue." Kwa hiyo alisema anataka kahawa. Nani atakayemnyima jirani kahawa? Akasimama kwenye swichi zenu kwenye upepo ule, mkamcheka, na mpaka leo hakuna jina jingine lililoongezwa kwenye makaburi yetu kwa ajili ya mahindi. Vernon, ulikuwa unamwita bahili. Nadhani wewe amekunywea kahawa kuliko wote.

Bwana Mwenyekiti, bodi imemnunulia saa ya ukutani, na ni saa nzuri. Mimi sikuleta zawadi. Nimekuja kuchukua kitu. Orlyn, kwenye mfuko wako wa kulia kuna ufunguo wa lile kufuli jekundu. Huko uendako hakuna ghala la kufunga, kuna joto na jamaa wanaocheza gofu. Utoe, uuweke hapa mezani mbele yangu.

Ahsante. Una uzito kuliko nilivyodhani.

Jumatatu tutakuwa na meneja mpya, naye atarudisha malori, na asiporudisha nitamfuata ofisini kwake. Utakayerudishwa, kabla hujawasha kitu chochote, nipigie simu. Nikiwa shambani, nipigie. Nikiwa kanisani, nipigie, Mchungaji amesikia. Nitakuja na kufuli, nitasimama ukutani, na sitataka hata kahawa. Na ukisikia ulimi wako unataka kusema kwamba hutaki kunisumbua, kumbuka kwamba mimi nimeshasumbuliwa. Nilisumbuliwa siku mliponiletea chakula cha msiba. Safari hii nisumbueni mapema.

Orlyn, hukumuua Curtis. Nimelisema mbele ya watu wote, na sasa ni lao pia kulikumbuka.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikia mpaka hapa. Orlyn, kahawa yako imeshamiminwa pale mezani. Leo inywe ukiwa umekaa.