Ruthu Optatus, Aliyejulikana Kabla ya Kuzaliwa

Wazazi, ndugu na majirani, Bwana asifiwe. Mimi ni Gideoni, mjomba wa marehemu, familia imeniomba niwasomee historia yake, nayo ni fupi.

Ruthu alikuwa mtoto wa kwanza wa dada yangu Aneth na shemeji yangu Optatus, fundi wa kuchomelea hapa Kizota. Tulianza kumjua Desemba 2024, mama yake alipokwenda kupimwa ultrasaundi hapa mjini, ujauzito ukiwa na miezi sita, daktari akawa anarudia palepale kwenye kifua cha mtoto. Mwishowe alisema ukuta unaotenganisha kifua na tumbo una tundu, utumbo na sehemu ya ini vimepanda juu, moyo umesukumwa pembeni, mapafu hayana nafasi ya kukua. Dada akauliza, "Anaumia, daktari?" Akajibiwa, "Humo ndani haumii, mama, wewe ndiye unayempumulia. Shida ni akitoka."

Tangu siku hiyo hatukuwa na hamu tena ya kuona miezi inatimia. Optatus alikuwa ameanza kuunda kitanda kidogo cha chuma, akakiacha bila kukipaka rangi. Wapo waliomshauri Aneth asimpe mtoto jina, asije akamzoea, lakini alimpa, akawa anamwita kila alipocheza tumboni.

Ruthu alizaliwa kwa upasuaji Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, asubuhi, hakulia, akawekewa mashine ya kupumua papo hapo. Ili afanyiwe operesheni ilibidi kwanza hali yake itulie, nayo haikutulia, mapafu yalikuwa madogo mno. Mchana daktari alimwambia Optatus, "Baba, tumefika mwisho," wakamlaza kifuani kwa mama yake, akafariki hapo. Hakusoma, hakufanya kazi, hakuolewa, sehemu hizo sina cha kuwasomea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakutudanganya hata mara moja, mafundi wenzake Optatus mliofunga karakana leo, na akina mama mnaolala chini pamoja na Aneth. Tunaomba jambo moja, mnapompa pole msimwambie bado kijana, atapata mwingine. Mwiteni Mama Ruthu.

Ruthu, mpwa wangu, pumzika kwa amani, usihangaike tena kutafuta pumzi.