Mama Rudisha na Kinda wa Kwenye Kofia

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka dobi. Alifua mashuka ya nusu ya mtaa, lakini nani alimwita dobi? Tulimwita Mama Rudisha. Ukimpelekea kinda wa ndege uliyemwokota porini, neno lake la kwanza lilikuwa hilo hilo: rudisha.

Mama Rudisha alifariki wiki iliyopita. Mpaka saa zake za mwisho alikuwa akimngoja mtu mmoja: mwanawe wa kwanza, aliyegombana na mjomba wake akahama nyumbani. Je, alikuja? Tutafika huko.

Watu walimletea makinda kwenye viatu, kwenye mikoba, kwenye ndoo. Naye aliuliza huku anapiga pasi: ana manyoya au ngozi tupu? Kama ni ngozi tupu, panda umrudishe kiotani. Kama ana manyoya na anarukaruka, muache, mama yake yuko karibu anakutukana.

Siku moja fundi magari akaingia na kinda kwenye kofia, kamtoa vichakani nyuma ya gereji yake, ukuta mmoja na uani kwa Mama Rudisha. Sura mbaya, mkia hana, mdomo mpana wa manjano. Hakuna aliyemjua. Fundi akaapa ni mwewe. Mjomba, kaka yake Mama Rudisha, mtu wa maneno mengi, akasema ni njiwa huyo, apewe maziwa.

"Mpe maziwa, kaka, halafu uchimbe kaburi," Mama Rudisha akamjibu. "Kinda usiyemjua humtambui kwa sura. Unamtambua kwa anayemlisha. Rudisha. Na tutoke pale, maana tukisimama hatakuja mtu."

Wakamrudisha kwenye tawi la chini. Wakajificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Ndipo paka akatokea juu ya ukuta.

Binti yake Mama Rudisha, ambaye sasa ndiye anaendesha udobi ule, aliniambia hivi: "Nilitaka kutoka nimfukuze. Mama akanibana mkono, ukaniuma mpaka jioni. Akasema, tulia, wenyewe wako hapo, nawasikia. Kwa kweli nilimchukia."

Paka akashuka. Kinda akapanua mdomo, hajui hata nani anakuja. Paka akajikunja aruke. Mara ndege wawili wakamshukia kichwani, wakamdonoa, wakampigia kelele, mpaka akarudi ukutani amenywea. Kisha mmoja akaweka mdudu kwenye ule mdomo wa manjano. Alikuwa shorewanda, yule yule anayetuamsha kila asubuhi. Tunamjua sote, ila mtoto wake hatukumjua.

Sasa turudi wiki iliyopita. Mama Rudisha yuko kitandani, chakula hakipokei kwa mtu yeyote. Mjomba amekaa mlangoni na ndugu wengine. Alishaapa kuhusu yule kijana: "Huyo si wetu tena." Na kijana mwenyewe alikuwa jirani tu, gerejini kwa fundi, amesimama tangu asubuhi akiutazama mlango ule. Haingii.

Pumzi za mama zikawa fupi. Binti akainama. Mama akanong'ona: "Waondoe mlangoni. Wakisimama pale, hatakuja."

Mjomba akakataa. Binti hakubishana naye. Alimshika mkono, akambana kama alivyobanwa yeye siku ile, akampeleka nyuma ya pazia na wenzake. Wote wanasikiliza pumzi ile kitandani, inakatika, inarudi, inakatika.

Mlango ukasukumwa. Kijana akaingia, viatu mkononi. Akachukua kijiko, akachota uji uliokataliwa siku nzima, akausogeza mdomoni kwa mama yake.

Mama akafungua mdomo.

Nyuma ya pazia Mjomba alilia. Binti alimsikia akisema, "Ni wetu."

Mama Rudisha alifariki jioni hiyo, mkono wake umo mkononi mwa mwanawe. Pole sana binti. Pole kijana. Pole fundi. Na wewe Mjomba, najua redio yako iko wazi, pole sana.

Wasikilizaji wapendwa, huenda kuna mtu wenu yuko nje anaogopa kuingia. Tazama basi hapo uliposimama. Kama ni mlangoni, sogea apite.