Wa Kwanza Katika Kabati la Mama Célestine

Pale Makiso, hatua chache kutoka bandari ya mto, kuna benchi la mbao mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Célestine, na hapo huketi watu watatu wasiokubaliana hata leo ni siku gani. Nyuma yao, ndani ya kibanda, limesimama kabati la mchezo wa video wa ndege za vita, refu kama mtu mzima, na vitufe vyake na kijiti cha kuongozea. Kioo chake kilikufa miaka miwili iliyopita, lakini kabati lenyewe halijazimwa hata siku moja. Linakula umeme wa betri na jua, linalia pii-pii bila kuonyesha kitu, kwa sababu ndani yake kuna orodha ya wachezaji bora, na orodha hiyo ikikosa umeme husahau majina yote.

Aliyeagiza lisizimwe ni mmoja wa hao watatu, Tonton Zéphirin. Asubuhi kioo kilipokufa alitoka kibandani kifua mbele, akatangaza kwamba jana yake alishika nafasi ya kwanza. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Premier, yaani wa kwanza. Ukweli aliujua mwenyewe, naye alikaa nao kimya kama mtu mwenye jipu makalioni: alikuwa wa nne. Juu yake palikuwa na herufi za watu watatu, asijue ni akina nani, labda wasafiri wa boti, labda hata wenzake wa benchi. Lakini kioo kimekufa, nani ataona?

Sasa Bijou, fundi wa redio, ameingia na kioo bapa cha kompyuta kilichotoka katika ofisi fulani, na msumeno, na vipande vya mbao vya kuzibia nafasi, maana kioo ni kidogo kuliko tundu la kabati. Premier akaweka kikombe cha kahawa chini. Akawageukia wenzake. Kulikuwa na Lukumani, aitwaye Diplôme kwa kuwa ana cheti cha kila kitu isipokuwa cha kukaa kimya, na Patrice, aitwaye Sirène, aliyezeekea kwenye boti za Basoko na sauti yake bado ni honi. Diplôme husema yeye ni wa pili katika orodha ile. Sirène husema ni wa tatu.

— Ile écran iko ya bureau, akaanza Premier. Itajua mambo ya ndege?

— Aiwezi, akasema Diplôme. Imezoea barua. Utapiga ndege ya adui, itakuomba cachet, muhuri ya bureau. Mutoto wa nyoka ni nyoka.

— Shida aiko cachet, akanguruma Sirène. Ile kitu ilipanda mto toka Kinshasa, uso yake kule mto inatoka. Kabati inaangalia kule mto inaenda. Ndege zote zitaruka kinyumenyume mupaka Basoko.

Premier akaona mlango wa porojo umefunguka, akaingia na miguu miwili. Akasema vioo vya zamani hunywa macho ya wachezaji kidogo kidogo, na macho hayo yamo bado ndani. Kikitolewa, kila aliyewahi kucheza ataanza kuona ukungu. Diplôme akaongeza kwamba amesoma jambo hilo, na kwamba huanza na jicho la kushoto. Sirène akalifumba la kushoto, akaangalia mto, akakiri kwamba boti zimepungua.

Bijou alikuwa akikata mbao. Hakuinua hata kichwa. Pembeni ya benchi palikuwa na mgeni, Rosine, anayengoja boti ya Isangi juu ya gunia lake, naye aliwasikiliza wote kwa adabu kubwa.

Mbao zilipokwisha, Bijou akapangusa mikono.

— Bon. Siwezi gusa kioo ya zamani kama kura, umeme, iko ndani. Lazima nizime machine yote. Donc ile liste itapotea. Munakubali?

Premier alihisi damu ikimrudia usoni. Ameokoka! Lakini furaha ile haikufika mbali. Yeye ndiye aliyeagiza lisizimwe. Akisema zima, hata mbuzi wa bandarini atajua kwamba alidanganya. Ilibidi mwingine aseme, na nani angesema? Sirène aliapa mara ngapi kwamba siku moja orodha itaonekana na waongo wataumbuka? Premier akainamisha kichwa, akangoja kifo chake.

— Zima, akasema Sirène, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

— Zima, akasema Diplôme. Bahenga walisema haraka haraka haina baraka. Alors zima mbiyo.

Premier akawatazama. Diplôme alikuwa akichunguza viatu vyake. Sirène alikuwa na macho yote mawili mtoni. Premier akaelewa kwamba nao walikuwa na jipu lao, akataka kucheka, akataka pia kulia kidogo.

— Zima tu, akasema.

Mama Célestine, aliyelisha kabati hilo betri tatu kwa miaka miwili kwa ajili ya heshima yao, aliweka birika chini ili asilimwage kwa kicheko.

Bijou akazima. Akangoja, akatoa kioo kizito, akafunga kipya kwa mbao na skrubu, akaunganisha nyaya, akawasha. Ndege zikaruka vizuri, na hakuna aliyeombwa cachet. Kisha orodha ikatokea, sifuri kuanzia juu mpaka chini. Benchi zima likapumua.

— Sasa, akauliza Rosine, mutu wa kwanza alikuwa nani?

Wote wakamgeukia Premier, naye akafungua kinywa kusema neno alilolisema mara elfu. Hakuna tena cha kumuumbua. Angeweza kulisema mpaka kaburini. Lakini aliona haya mbele ya wale wawili waliomwokoa bila kujua.

— Wa kwanza, mi sijue, akasema. Mi nilikuwa wa ine.

Moyo ukawa mwepesi kama mtu aliyetua gunia la mihogo. Akangoja wamcheke.

— Wa ine? akafoka Sirène. Wewe? Wa ine nilikuwa mimi.

— Pole-pole, akasema Diplôme. Premier, uko na preuve?

Miaka miwili aliwadanganya, na hakuna aliyemwomba ushahidi. Leo amesema kweli mara moja tu, na Diplôme anataka mashahidi wawili.