Nusu ya Somo la Dakta Felisia

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kufundisha Falsafa ya Dini katika chuo chetu hapa Guangzhou, Dakta Felisia Kokushubira anastaafu tarehe 30 Juni. Idara imemwandalia keki. Keki ni nzuri, lakini wiki hiyo hiyo kikao cha idara kimefuta nusu ya somo lake, nami niliyefanya naye kazi siwezi kuandika kana kwamba sikuona.

Alitua uwanja wa ndege wa Baiyun akitokea Bukoba na mkebe wa senene wa kukaanga. Watu wa forodha waliuchukua, na mpaka leo anashikilia kwamba waliwala. Hapa akakabidhiwa somo lenye swali moja muhula mzima: Mungu yupo au hayupo, thibitisha. Akahoji mbona wanadamu wengi hawaanzii hapo. Wapo wanaoanza kwa kutawadha, kwa kufunga, kwa kutambika, kwa kumpikia marehemu. Hao nao wanafikiri, na falsafa gani hiyo isiyotaka kuwasikiliza?

Basi akawa anawapeleka wanafunzi madukani, barabara ya Guangyuan Xilu. Siku moja tulimkuta mwenye duka la jinzi amewasha vijiti vya udi mbele ya madhabahu yake ndogo, sakafuni pale mlangoni. Wabeba marobota wanatupigia kelele tupishe njia, na Dakta Felisia, Mkatoliki wa rozari mkononi, amesimama tuli akingoja mwenyewe amalize. Hafidh, mwanafunzi kutoka Unguja, akamuuliza kama na yeye anaabudu kile.

"Siabudu," akamjibu. "Ila mwenyewe anaongea na wakubwa zake. Nipite katikati yao kama ng'ombe?"

Jambo hilo akalitungia swali la mtihani: mtu anaweza kuheshimu asichokiamini, na anapoheshimu, anaheshimu nini hasa? Wanafunzi walibishana hadi kantini. Wakubwa wa idara wakasema hiyo si falsafa, ni mila za sokoni. Eti mila. Ya kwao huitwa hoja, ya wenzao huitwa mila. Nilikasirika siku ile na hasira haijaniisha.

Kuanzia Septemba somo linarudi kwenye uthibitisho peke yake, na aliyepangiwa kulifundisha ni mimi. Natamka hapa katika jarida letu la chuo, asije mtu akasema hakujulishwa: nitalifundisha kama alivyolifundisha yeye, lote. Wakitaka kuniondoa, waniondoe.

Asante, Dakta Felisia, kwa kazi yote. Nenda nyumbani salama, ulale mpaka jua lipande. Ugomvi huu tuachie sisi.